Maji Aliyoyamwaga Nyamizi

Watu wa upande wa Kigwa waliomjua Nyamizi kabla ya mwaka wa sabini na nne walisahau mara kwa mara kwamba haoni. Ungemkuta asubuhi anafagia uwanja wake, ufagio unapita pale pale penye majani, ukimsalimu anageuza uso kukuelekea na kukutaja jina kabla hujamaliza salamu. Ugonjwa wa vikope ulimwanza tangu akiwa msichana. Kope ziligeukia ndani zikawa zinakwaruza mboni kila anapopepesa, na alipotimiza miaka hamsini jua la saa sita lilikuwa kwake ni joto tu usoni.

Mumewe, Luhende, alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika genge la kushindilia kokoto na kubadilisha mataruma, na alipostaafu aliondoka na baiskeli, saa ya mfukoni na goti la kulia lililokuwa likilia kama mlango mbovu kila akikunja mguu. Walijenga mwendo mfupi kutoka stesheni ya Kigwa, jirani na Koleta, dada yake Luhende, aliyekuwa mjane. Mtoto wao mmoja aliyebaki hai, Pelagia, alikuwa ameolewa Mpanda.

Nyamizi alikuwa na taratibu zake, na hakuna aliyemfundisha. Akiamka hakukurupuka. Alivuta kwanza vidole vya miguu, kimoja kimoja, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda hadi kichwa kitulie ndipo akasimama, kwa sababu mamaye mzazi aliinuka ghafla siku moja, akaanguka na kuvunjika nyonga, na hakuinuka tena. Alikunywa maji ya uvuguvugu kibuyu kizima. Alisugua meno kwa mswaki wa mti hata fizi zikawaka moto. Kisha akaenda kwa Koleta, hatua mia tatu na kumi na mbili, bila fimbo, nyayo zikisoma ardhi: hapa mchanga, hapa mzizi wa mninga, hapa pagumu palipokanyagwa na ng'ombe. Wawili hao walitembea hadi relini na kurudi, wakisengenya nusu ya tarafa.

"Wifi, polepole," Koleta alikuwa akimwambia. "Mwenye macho ni mimi, lakini unaniburuta wewe."

"Ukitembea kama konokono, damu itaganda," Nyamizi alijibu.

Jioni alikula mapema, kabla kuku hawajaingia bandani: ugali wa mtama, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, chumvi kidogo. Alikuwa na miaka sitini na nne, na tumbo lake lilifuata saa kuliko treni.

Kwa hiyo ilipoanza kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka wa sabini na tatu, ilikuwa kama serikali imempigia hodi yeye. Kikundi chao kilikutana kwenye banda la kuhifadhia karanga, wakaizunguka redio. Mwalimu wao, Apolinaria, msichana aliyetoka Tabora mjini, alisoma kitabu baada ya kipindi na kuwataka watu wajadiliane. Wengi walisahau somo kabla ya kufika kwao. Nyamizi, ambaye hakuwa na kitabu wala macho ya kukisoma, alishika yote: kuchemsha maji, kufukia madimbwi, kuchimba choo chenye kina na kukifunika.

"Bibi, wewe ndiwe daftari letu," Apolinaria alimwambia.

Alirudi nyumbani akamsimamia Luhende hadi choo kikachimbwa upya. Aliwasema wazee wenzake mbele ya watu. "Nyie mnangoja kiu," aliwaambia. "Uzeeni kiu haiji yenyewe. Mnakaa kutwa nzima midomo imekauka, kisha mnasema mmerogwa kichwa kinazunguka. Kunyweni maji!" Walicheka, lakini walikunywa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, likaja agizo la kuhamia kwenye vijiji. Walipewa siku tatu za kufunga mizigo. Lugembe, mtoto wa Koleta, alimwandikisha mama yake pamoja na familia yake katika kijiji kingine, upande wa pili wa msitu. Luhende alikwenda kuuliza kama dada yake angeweza kuandikwa pamoja nao. Aliambiwa orodha imekwisha kupelekwa. Aliyemwambia hakumfokea wala nini. Alimwonyesha karatasi, majina yamepangwa, na kalamu haikuwa yake.

Asubuhi ya kuondoka Koleta alimshika Nyamizi mkono na hakuuachia. Lori likapiga honi. Nyamizi alipandishwa juu kama gunia, akakalishwa kati ya kinu na magodoro, na kutwa ile alikuwa akiuliza, "Tumepita wapi? Sasa tuko wapi?" Luhende alijibu mwanzoni. Baadaye na yeye hakujua.

Kijiji kipya kilikuwa kimepimwa kwa mistari. Kila nyumba ilipewa kipande chake, barabara zimenyooka, na mahali pa shule na zahanati palikuwa pamewekewa vigingi. Wenye macho waliona mpango. Nyamizi, aliposhushwa na kuweka mguu chini, alikutana na kisiki. Akasogea kushoto, kisiki. Akasogea nyuma, shimo.

"Simama hapo hapo, Mama Pelagia," Luhende alimwambia. "Usiondoke."

Hilo neno la usiondoke alilisikia kila siku tangu hapo.

Waliishi miezi miwili katika kibanda cha nyasi huku Luhende akisimamisha nyumba ya miti na udongo kwa msaada wa majirani waliokuwa na zao za kujenga. Choo alikichimba mwisho wa kipande chao, hatua arobaini, ng'ambo ya visiki na kichuguu kimoja kilichoshinda majembe. Nyamizi hakuweza kufika peke yake. Alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alijigonga muundi wa mguu, kidonda kikachukua mwezi kupona. Mara ya pili alijikuta uwanjani kwa watu wengine, na mwanamume mmoja akamuuliza kwa upole, "Bibi, unatafuta nini?" Hakuweza kumjibu mwanamume mgeni kwamba anatafuta choo. Alisema anatafuta kuku.

Ikawa kila haja ni lazima amwite mumewe. Luhende aliacha jembe, akaja akiburuta goti, akampa mkono, akamngojea nje ya uzio wa nyasi huku akikohoa ili watu wajue yuko pale. Hakulalamika hata siku moja. Kama angelalamika ingekuwa afadhali. Nyamizi angekuwa na mtu wa kugombana naye. Lakini alilisikia lile goti. Kila safari alilisikia likilia kwenda na likilia kurudi, na maji yenyewe aliyokuwa akinywa, Luhende ndiye aliyeyafuata kisimani, debe limefungwa kwenye baiskeli anayoikokota mwendo wa saa nzima.

Alianza kwa kuacha maji ya jioni. Hapo hapakuwa na ubaya mkubwa. Kisha akaacha ya mchana. Luhende alimwekea kata karibu na kitanda, naye akamsubiri atoke, akapapasa ukuta, na kuyamwaga taratibu pale udongo ulipokutana na nguzo, ili usisikike mlio. Yeye, aliyewafokea wazee wa Kigwa, sasa alikuwa akilamba midomo na kujiambia kwamba ni kwa siku chache tu, hadi azoee njia.

Hakuizoea. Mvua zilianza, njia ikabadilika kila siku. Tumbo lake lililofuata saa likasimama, siku tatu, siku nne. Kichwa kikaanza kuelea. Mkojo ukawa wa moto, na homa ikampanda.

Mganga wa zahanati, Dionis, alikuwa akija kijijini hapo kila Alhamisi kwa baiskeli, na sanduku lake la dawa. Alimshika kiganja, akamwangalia ulimi.

"Shikamoo, bibi. Maji unakunywa?"

"Marahaba. Nakunywa."

"Mengi?"

"Kata kwa kata."

"Kweli anakunywa," Luhende akadakia kwa fahari. "Nampelekea mwenyewe, na kata hairudi na tone."

Dionis aliutazama tena ulimi. Akampa vidonge na kumwambia aongeze maji zaidi, na atembee, miguu imeanza kuvimba kwa sababu ya kukaa. "Kutembea, bibi. Asubuhi na jioni, hata kidogo."

"Nitembee wapi?" Nyamizi aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli, na Dionis alitazama visiki vilivyokuwa mlangoni, akafunga sanduku lake.

Luhende alikuja kugundua kwa sababu ya nguzo. Siku moja aliona ukuta wa udongo unamomonyoka kwa ndani, akadhani ni mchwa. Akachimba kwa kidole, akakuta tope bichi, katika wiki ambayo mvua haikunyesha. Alikaa chini kitandani, goti likalia.

"Mama Pelagia, maji haya ni ya nini?"

Nyamizi aligeuzia uso ukutani.

"Nakuuliza. Ninayafuata kisimani saa nzima. Unayamwaga?"

"Nayamwaga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikiyanywa ni lazima nikuite. Unafikiri siisikii hiyo miguu yako? Mchana unalima, kila saa nakuita, unakuja, unasimama nje unakohoa kama askari. Mimi nilikuwa naenda chooni mwenyewe, Baba Pelagia. Nilikuwa naenda hadi relini."

Luhende aliinuka kitandani. Kisha alitoka, na Nyamizi akasikia panga likikata miti.

Kwa siku nne alichimbia vigingi kutoka mlangoni hadi chooni, akafunga kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi, usawa wa kiuno cha mkewe. Visiki vilivyokuwa karibu na kamba alivichoma moto na kuving'oa kimoja kimoja. Alipomaliza alimwekea kamba mkononi. Nyamizi alikwenda. Alikwenda hadi mwisho, akarudi, akaenda tena bila haja yoyote. Siku hiyo alikunywa kata tatu, moja baada ya nyingine, na jirani aliyepita alimkuta anacheka peke yake ameshika kamba.

Ilidumu siku kumi na saba.

Aliyekuja ni Masolwa, balozi wa nyumba kumi, kijana mwenye heshima aliyekuwa na watoto wadogo na mzigo wa maagizo asiyoyatunga. Alisimama mbali kidogo na uzio.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu.

"Mzee, nimetumwa. Barabara ya pili inapita hapa." Alinyoosha mkono kwenye mstari wa vigingi vya wapimaji, ambavyo vilikatiza kipande chao kati ya nyumba na choo. "Wiki ijayo trekta litakuja kusafisha. Kamba itabidi itoke. Na choo pia, kimeingia kwenye hifadhi ya barabara. Kitahamia kule nyuma."

"Kule nyuma kuna kichuguu kingine," Luhende alisema.

"Najua, mzee."

"Umemwona mke wangu?"

"Nimemwona. Niliwaambia wakubwa." Masolwa alivua kofia. "Waliniuliza wakikunja barabara kwa ajili ya nyumba moja, wataikunja kwa ngapi. Sikuwa na jibu. Wewe ungewajibu nini?"

Luhende alikwenda kwenye kigingi cha kwanza. Aliifungua kamba mwenyewe, akaikunja, akaitundika darini. Vigingi vilichukuliwa na watu kwa kuni kabla trekta halijafika.

Baada ya hapo walikubaliana juu ya kopo. Lilikuwa kopo kubwa la samli, Luhende alilipata kwa mwenye duka, akalifunga mpini wa waya. Nyamizi alilia siku ya kwanza, akazoea, au akaacha kulia, ambayo si kitu kimoja. Luhende alilitoa nje kila alfajiri kabla majirani hawajaamka, akalisuuza kwa majivu na kulianika juani. Nyamizi aliahidi kutomwaga maji tena, na ahadi hiyo aliitimiza. Homa ilikoma. Lakini miguu haikurudi. Alisimama akishika nguzo ya katikati, akainuka kwa vidole na kushuka, mara kumi, mara kumi na mbili, kisha mapaja yakatetemeka. Kuna kitu mwilini kilikuwa kimezoea kukaa, na hakikukubali tena kuambiwa vingine.

Apolinaria alipita kijijini mwaka wa sabini na tano, kwa ajili ya kampeni ya chakula. Alikuja hadi kwao, akakaa kitandani kando ya Nyamizi.

"Bibi, njoo kwenye kikundi. Hawajui kitu hawa. Nakuhitaji."

"Mnakutania wapi?"

"Shuleni, kule mwisho."

"Nitakuja," Nyamizi alisema, na wote wawili walijua.

Mwezi wa tano mwaka huo huo, wakati wa kuvuna karanga, Luhende alitoka asubuhi kwenda zahanati ya tarafa kuchomwa sindano ya goti. Alikuwa amesema atarudi kabla ya saa sita. Kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la ujamaa, na kimya kilikuwa cha ajabu, hata mtwangio haukusikika. Nyamizi alikunywa maji yake kama alivyoahidi. Ilipofika kama saa nne alipapasa chini ya kitanda akakuta patupu. Kopo lilikuwa nje, limeanikwa. Luhende alikuwa amesahau kulirudisha.

Alingoja. Aliita jina la jirani wa kulia, kisha wa kushoto. Alihesabu pumzi. Mwishowe alisimama, akatoka akiufuata ukuta kwa kiganja, akijua kwamba kopo huanikwa upande wa jua, karibu na uzio. Kutoka kwenye ukuta hadi kwenye uzio ni hatua nane. Aliuachia ukuta.

Hatua ya nane haikuwa na uzio, wala ya kumi. Aligeuka kurudi na ukuta haukuwepo. Aligusa mabua ya mahindi makavu, akajua yuko shambani, lakini shamba lilikuwa pande zote mbili za nyumba. Alijaribu kusikiliza kuku. Kuku walikuwa wamejilalia. Akaenda, akarudi, bua likamchoma shavu, na hapo hapo, amesimama, mwili ukashindwa kuvumilia. Maji ya moto yalimtiririka miguuni. Nyamizi aliketi chini palipokuwa pamelowa, akajifunika uso kwa kanga, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Luhende alirudi saa nane. Alimkuta hatua kumi na tano tu kutoka mlangoni.

"Mama Pelagia!"

"Usije karibu. Nimejichafua."

Alikuja. Alimshika kwapani kumwinua, goti lililochomwa sindano likakataa, akaketi naye kwa kishindo. Alijaribu tena kwa kupiga magoti, akashindwa hata kupiga magoti. Nyamizi alikusanya miguu yake chini yake, akasukuma, mapaja yakatetemeka, akarudi pale pale.

"Ulisahau kopo," alisema.

"Nilisahau."

"Nilikunywa maji yote."

"Ndiyo," Luhende alisema. "Ulifanya vizuri."

Wakakaa. Jua lilikuwa kali, naye Luhende alivua koti lake kuukuu la reli akalishika juu ya kichwa cha mkewe hadi mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Waliita mara kadhaa, wakipokezana, kisha wakaacha ili wasikauke koo. Nyamizi aliuliza kama barabara inaonekana kutoka hapo walipo. Luhende akasema inaonekana, imenyooka, na haina mtu.

Masolwa ndiye aliyepita, karibu saa kumi, baiskeli imebeba gunia la karanga. Alisimama.

"Shikamooni wazee. Mnapumzika?"

Luhende alimtazama. "Marahaba. Njoo utuinue, mwanangu," alisema.

Masolwa alilaza baiskeli chini. Alimwinua Nyamizi kwanza, akambeba mikononi hadi ndani, wala hakutaja nguo zilizolowa. Kisha akarudi kumchukua Luhende. Alichota maji, akawasha moto, akaomba radhi bila kusema ni kwa lipi. Aliahidi kuja kila asubuhi kumtembeza mama. Alikuja siku tano. Siku ya sita alitumwa wilayani, na aliporudi msimu wa kuuza tumbaku ulikuwa umeanza.

Luhende alimwandikia Pelagia kupitia kwa mwalimu wa shule ya kijiji. Pelagia alikuja kwa treni ya Mpanda, akakaa wiki mbili. Kila siku alimshika mama yake mkono wakatembea kwenye ile barabara mpya, polepole sana, hadi nyumba ya nne na kurudi.

"Mama, kesho tutafika ya tano," alimwambia.

"Una watoto kwako," Nyamizi alijibu. "Treni yako ni lini?"

Ilikuwa ya Jumamosi. Pelagia aliondoka alfajiri, kabla mama yake hajaamka, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na moyo wa kuagana.